Jua Linawaka, Mashine Imezima

Mwanakwerekwe, Unguja
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Muhiddin,

Assalamu alaykum. Nnaomba barua hii ikufikie mkiwa wazima, wewe na wifi Bashira na watoto, na joto la Muscat liwe limewapunguzia kidogo. Sisi huku tupo, ila siwezi kukuandikia kuwa hatujambo. Barua nnampa Bi Nadra, anasafiri kesho kuja huko. Kwenye simu kila nkianza kukwambia nnakata, nkasingizia mtandao.

Mama bado amelazwa. Alhamisi ile umeme ulikatika saa tano asubuhi. Kaka, jua lilikuwa kali, paneli nane zinang'aa juu ya paa, na ndani mashine ya oksijeni kimya. Nlibonyeza kila kitufe. Mtungi wa akiba ulimshika Mama muda mdogo tu, kisha midomo ikaanza kubadilika rangi. Nkawa nampepea kwa upepeo, huku najua si upepo alioukosa. Jirani yetu Matar ndiye aliyetukimbiza hospitali kwa gari yake. Mama nilimpakata kiti cha nyuma, kucha zake zimenizama mkononi.

Daktari amesema mapafu yamechoka zaidi kuliko mwanzo, na hamruhusu kurudi mpaka awe na hakika kuwa mashine haitozima tena. Na Mama kila siku anaomba kitanda chake. Hataki kufia wodini. Nnatoka nje ya wodi nalia, nafuta uso, narudi.

Wewe uliposikia, ulimpigia fundi Masoud ukamwita tapeli aliyetufungia sola isiyo na kazi. Ukawaambia jamaa zetu wasimpe kazi, na wawili washamshusha kwenye mapaa yao. Hata hivyo, Jumamosi alikuja na betri aliyoing'oa nyumbani kwake mwenyewe, akaifunga kwetu. Lakini ni ndogo, inachukua saa mbili tu, na daktari kasema haitoshi. Nawe unasema tungoje uje Disemba, tukae tuamue kama betri kubwa ina haja.

Kaka, hilo lilishaamuliwa, na aliyeliamua vibaya ni mimi.

Siku ya kwanza, tumesimama ukumbini, Masoud alinieleza wazi kuwa sola yetu ikifungwa bila betri, umeme wa serikali ukikatika nayo inazima, hata jua likiwa la utosini. Akanambia, "Dada Shemsa, kwa mgonjwa wa mashine, punguza paneli uanze na betri." Nkakataa. Nlitaka paneli zote nane ziendeshe friza yangu ya malai, zile aiskrimu nnazouza, maana biashara ilikuwa ndiyo kwanza inasimama. Nkajipa moyo kuwa umeme siku hizi haukatiki sana. Nkamwomba asikwambie. Ulipouliza, nkakujibu fundi kasema zinatosha. Na ulipomtukana nlikuwepo, simu yake imewekwa sauti kubwa. Aliniangalia, nkainamisha uso.

Jana nlimwambia Mama, nkitarajia anifukuze. Akaishusha barakoa ya hewa, akasema alitusikia siku ile, kutoka chumbani.

"Nlingoja ubadilishe mawazo," alisema. "Nliona haya kukuomba."

Kisha akairudisha barakoa, akageukia ukutani.

Friza nshaitoa leo asubuhi, nimeiuza kulipia betri. Masoud anafunga betri kubwa keshokutwa, na daktari amekubali kuja kuiona inavyofanya kazi. Nnakuomba umpigie Masoud kabla hujanipigia mimi, na jamaa uliowaambia uwaambie tena, kwa jina langu.

Baadaye Mama aliniusia nisikwambie haya. Anaogopa akishaondoka utanitupa. Nimeandika angali hai, ili kama ni kunitupa, umwambie mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani, watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anauliza unakula vizuri.

Mdogo wako,
Shemsa