Babu Yako Amepimwa Ubongo

S.L.P. 62,
Mkuu, Rombo.
19 Agosti 2007

Mpendwa mjukuu wangu Dominika,

Shikamoo yako niliikuta kwenye barua, marahaba. Wewe mzima? Mumeo Jesse na mtoto hawajambo na hiyo baridi ya Uholanzi? Huku tunapumua. Mimi ni mgongo, magoti, na uchovu usioisha hata nikilala. Kahawa mwaka huu ni kidogo, ila ng'ombe hajui hilo, anataka majani kila siku.

Babu yako tumempeleka Moshi akapimwe kama ulivyotaka. Baba yako mdogo Denis alitupokea stendi, akatufikisha hospitali kwa hao wenzako wa utafiti.

Mashine yenu nimeielewa, usidhani bibi yako ni mjinga kwa kuwa aliishia darasa la tatu. Mimi nikitaka kujua ndizi imefikia wapi naibonyeza kwa kidole gumba. Ubongo umefunikwa na mfupa, haubonyezeki, kwa hiyo mnatuma sauti ambayo sikio halisikii. Inautikisa kidogo, halafu mnasoma kama ni mgumu au umelegea. Sawa. Ni kazi.

Shida ilikuwa ile jeli. Binti wa mashine, anaitwa Victoria, alimpaka kwenye panja, kando ya jicho, mahali mfupa ulipo mwembamba. Babu yako kusikia ile baridi akafumba macho, akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha viganja vyote viwili.

"Na mikono, Padri."

Alidhani anapewa mpako wa wagonjwa, yale mafuta ya padri kwa mtu anayekaribia kufa. Nikamwambia, "Mzee, padri gani huyo mwenye hereni?" Denis akacheka, na mimi nikacheka. Ndipo babu yako akasema, vizuri kabisa, kama zamani: "Dominika aitwe. Sitaki kuondoka hajafika."

Mwaka mzima hajataja jina lako. Mimi mwenyewe ananiita dada. Nikamjibu uko njiani. Nimemdanganya mtu anayejiandaa kufa, na nusu ya dhambi hiyo ni yako.

Victoria alimaliza, akasema ubongo umelegea kuliko wa wazee wengi aliowapima. Namba mmetumiwa. Dawa hakuna, kupima ni kujua tu. Mimi nilijua siku alipopotea katika kihamba chake mwenyewe, shamba hili la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba utakuja utafiti ukiisha, baada ya miaka miwili. Tangu turudi, babu yako anakaa barazani anatazama njia, na hali chakula mpaka nimwambie umefika wapi. Siku ya kwanza nilisema uko kwenye ndege. Ya pili, uko Dar es Salaam. Jana umelala Pasua, pale Moshi kwa Denis. Leo nimekuumiza mguu ili ukae hapo Pasua mpaka barua hii ikufikie. Mguu hauwezi kuuma miaka miwili, Dominika. Kutoka Pasua sina tena mahali pa kukuweka ila mlangoni hapa.

Sijawahi kukuomba kitu, wala kwa ada ya shule niliyokulipia sikudai shukrani. Hili naomba.

Msalimie Jesse, na umbusu mtoto Evelyn kwa niaba yangu. Denis na shangazi yako Bernadetha wanakusalimu. Mama Maria akushike mkono safarini.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Mektrida