Pumzi Iko Yangu

Biira mjukuu wangu,

Huku Bwera hatujambo. Kahawa ya Kyondo imeiva. Mama yako anakusalimu, ingawa tumenuniana: hataki nipande tena mlimani kuvuna, eti nahema. Moyo ulishapimwa, ni mzima, lakini hasikii.

Unaniuliza kama kule kuhema hakunitishi. Hata kidogo!

Usichana wangu niliumaliza nikibeba magunia Mpondwe, kule mpakani. Wapagazi tulificha kuhema, maana kapita aliyegawa kazi alimfukuza yeyote aliyehema. Siku moja nilitua gunia la chumvi mbele yake, nikahema waziwazi.

Akafoka, "Weye, funga mudomo! Mutu ya kuhema hapana kazi!"

Nikamwambia, "Pumzi iko yangu, naitoa."

Wenzangu waliobana pumzi walikuwa wamekaa chini, macho yanawazunguka. Mimi nikainamia gunia lingine mwenyewe, na kapita akanipisha nipite.

Sababu ya mimi kubaki na nguvu sikuijua mpaka wewe na masomo yako ya uuguzi mliponieleza: misuli ikifanya kazi, asidi inaingia kwenye damu. Mapafu yanaipunguza palepale kwa pumzi, na figo zinakuja nyuma polepole, zinatoa iliyobaki kwa mkojo. Kumbe yule bwana alikuwa anatukataza kujisafisha!

Kesho napanda Kyondo na kikapu changu. Mpigie mama yako simu, umwambie akinisikia nahema aendelee na kazi zake. Siku nikinyamaza, ndipo alie.

Bibi yako, wa magunia