Jenereta Ukumbini

Nighat, huyu baba mkwe ataniua!

Umeme umekatika tangu asubuhi, mji wote wa Multan unatokota. Mzee kaingiza jenereta ukumbini, eti mvua ikinyesha isilowe. Na madirisha kafunga. UKUMBINI, Nighat!

Natoka kuoga, namkuta mama mkwe kalegea kwenye kochi, namwita haitiki. Nikazima jenereta, nikamburuta mpaka uani.

Mzee anatoka chumbani kwake, anafoka: "Unatuzimia feni kwa joto hili?"

"Baba, moshi huu unaua!"

"Moshi gani? Ni dengu zako zimemchafua tumbo."

Dengu zangu!!

Mama akatapika, akafumbua macho. Kwa sauti ndogo akasema: "Mzee, dengu sijazigusa. Toa hilo dude nje, au nahamia kwa kaka yangu."

Sasa analisukuma mwenyewe, kanuna. Mimi nampeleka mama hospitali.