Kikapu cha Marehemu Kwenye Sebule ya Wageni

Kisangani, Jumapili mchana

Mdogo wangu Mapendo,

Ni mimi kaka yako mkubwa, yaya wako kama unavyoniita, ninayekuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mgongo wako umetulia? Shemeji bado anakohoa alfajiri? Nawaombea uzima wote hapo Kalemie, nanyi mniombee, maana wiki hii nauhitaji.

Uliyosikia ni kweli: nimekatwa panga begani. Si vita safari hii, wala majambazi. Ni mapambo ya nyumba. Kesho naitwa kwa mwendesha mashtaka kueleza nilichoona. Maneno yangu yataamua kama mtoto wa watu ataozea gerezani, na kama mimi nitaendelea kulala katika chumba hiki.

Unajua Mama Béatrice, mjane aliyenipokea, alinipa chumba cha nyuma ili nimtunzie nyumba yake ya kando ya mto. Mwaka huu aliamua kuipangisha kwa watu wa likizo, wale wanaotoka Kinshasa kuona maporomoko. Tulipaka kuta chokaa, tukapanda maua, tukashona mapazia mapya. Hakuridhika.

"Papa Anselme, nyumba bado iko nyeupe kama dispensaire ya wagonjwa," aliniambia. "Mugeni anataka kuona kitu ya hapa."

Basi akanunua kwa Faustin, kijana mvuvi wa jirani, kikapu kimoja kikubwa cha fito cha kutegea samaki, kipana mdomoni na chembamba mkiani, kama vile wanavyovifunga wavuvi kwenye miti katikati ya maji makali. Akakitia taa ndani, akakitundika juu ya meza ya kulia. Kilikuwa kizuri, Mapendo. Mwanga ulipenya kati ya fito ukachora kwenye ukuta mzima magamba ya samaki.

Kikapu hicho kilisukwa na baba yake Faustin, ambaye mto ulimchukua si zamani. Katika ukoo wao, kikapu cha mwisho cha marehemu hakitolewi majini. Kinaachwa pale alipokifunga, maji yenyewe yakivunje. Mama Béatrice hakujua, nami sikujua. Faustin alijua.

Wageni wetu wa kwanza, mume na mke na binti yao, walikuwa wakila lituma, ndizi za kuponda, na samaki asubuhi alipoingia Alphonse, kaka mkubwa wa Faustin. Hakubisha hodi. Panga alikuwa amekwisha liinua.

"Nani alimutilia baba yangu ampoule ya taa mu tumbo?"

"Alphonse, mutoto yangu, kaa kwanza," nikasema.

"Papa, wee uko mutu ya vitabu. Toka mu njia."

Pigo la kwanza lilikata kamba. Kikapu kikaanguka mezani, sahani zikapasuka, kigae kikamchana binti shavuni. Baba yake akarusha kiti, kikampata Alphonse mdomoni, jino likadondoka ndani ya lituma. Hapo Faustin akaja mbio, kifua wazi.

"Ulimuuza baba!" Alphonse alimfokea, damu ikimtoka na maneno. "Ulimuuza, ukamukunywa mu pombe!"

"Na wee ulimupatia nini akiwa muzima? Hata kitambaa ya kufuta jasho!"

Faustin alichukua mchi wa kupondea ndizi akampiga kaka yake ubavuni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena. Alphonse, amepiga magoti, akafyeka bila kutazama. Nilikuwa nimeingia kati yao kama mjinga. Panga likapita begani kwangu, likaishia kwenye kiganja cha Faustin. Vidole vitatu vikaanguka sakafuni. Nilivitazama muda mrefu kuliko inavyofaa, kwa sababu kucha bado zilikuwa na magamba ya samaki.

Nje vijana wa mtaa walikuwa wanapiga kelele: "Muchome! Hii nyumba inauzisha wafu!" Petroli ilikwisha mwagwa mlangoni. Mama yake Alphonse na Faustin akapita katikati yao, akasimama juu ya ile petroli.

"Bon, muwashe," akasema. "Wote wawili niliwazaa, wako humu ndani."

Hakuna aliyewasha. Faustin alipelekwa hospitali kwa baiskeli, Alphonse akachukuliwa na polisi, wageni wakaondoka bila mizigo yao.

Mama huyo alirudi jana. Aliokota kila kipande cha fito akikitia kwenye kitenge, hata vile vyenye damu. Kisha akaniuliza: "Wale wageni, walikipenda?"

Nikamwambia walikipenda sana. Akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa anajua kusuka," akasema, akaenda zake.

Mama Béatrice amekwisha paka ukuta upya, lakini damu inarudi kupitia chokaa, rangi ya chai. Wageni wengine wanakuja Ijumaa. Ananitaka niseme Alphonse alikuja kuiba, ili nyumba yake isibaki na jina la nyumba ya wafu.

"Na nikisema vingine?"

"Alors, Papa, utatafuta pa kulala."

Nitaeleza panga, kwa sababu lilikuwepo. Nitaeleza na taa, na mahali kikapu kilipotolewa. Mwizi sikumwona.

Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu, shangazi anayeuza samaki wa ndagala, na mkwe wako fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea ndiyo nitakayovaa kesho. Barua zako usizitume tena kwa Mama Béatrice. Zitume kwa mchungaji wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Ana kibanda nyuma ya kanisa, anasema hakivuji sana.

Yaya wako akupendaye,
Anselme