Sindano Mama Aliyonyimwa kwa Simu

Rughenda, Butembo,
tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Mupendwa Yaya Valère,

Nakusalimia wewe, Gaëlle na batoto wote kule Lubumbashi. Afya yenu iko namna gani? Kikohozi cha Audrey kimeisha? Sisi tuko wazima, mvua inanyesha, na maharagi ya shamba yetu kule Kipese yanatoka muzuri.

Mama anaendelea vizuri na goti yake mupya. Lakini Yaya, roho yangu ingali inawaka, lazima nikuambie.

Mbele ya kumupasua, docteur Ananie alimueleza Mama kila kitu: wakishabadilisha goti, atamuchoma sindano karibu na mushipa wa fahamu wa muguu, maumivu yalale siku nzima, apate kukunja goti mapema. Mama alikubali. Njo wewe ukapigia docteur simu. Ulisema sindano ya namna ile inakausha muguu, na wewe muzaliwa wa kwanza umekataa. Ulisikia wapi maneno hayo? Na docteur, mutu wa masomo, akakutii wewe wa mbali, akamupita Mama mwenye muguu.

Dawa ya kupasuliwa ilipomutoka, Mama alilia. Mama yule alituzaa bila kupaza sauti. Vidonge havikutosha. Mutu wa kiné, wa mazoezi ya viungo, alipokuja kumufundisha kukunja goti, Mama alimusukuma mukono. Tante Victoire, aliyetoka Beni kumulinda, alienda inje kulia. Na wewe ukatuma ujumbe: « Avumilie, ni kawaida. » Kawaida ya nani?

Kesho yake asubuhi Mama mwenyewe aliita docteur.

« Ule mutoto nilimuzaa mimi, » akamuambia. « Huu muguu hauko wake. Choma. »

Docteur aliomba musamaha. Akatafuta mushipa na mashine ya échographie, ile inaonyesha ndani ya mwili, akachoma. Mbele ya chakula cha muchana Mama alikuwa analala. Alipoamuka akakunja goti polepole. Wakati wa kusimama tulimushika, maana muguu ulikuwa muzito, asianguke. Haukukauka, Yaya. Sasa anaenda misa na fimbo.

Najua unatuhangaikia. Lakini mutu wa Lubumbashi hawezi kupima maumivu ya mutu wa Butembo.

Tante Victoire na mudogo wetu Lusenge banakusalimia sana. Mungu alinde mulango wenu.

Goti ya pili watapasua mwezi wa tisa. Mama anasema atakupigia simu yeye mwenyewe, akishachomwa.

Dada yako, anayekupenda hata akikasirika,
Kyakimwa