Rangi ya Mpira ya Gari la Kuku

Jumanne, 3 Septemba 2024

Leo Baba Cecilia ameng'oa viti. Siyo vya sebuleni — bado. Vya gari. Kile kirefu cha nyuma cha Land Cruiser kimeegemezwa ukutani mwa duka langu la mafuta ya alizeti, wateja wanaingia wakidhani nimeanza kuuza samani. Kapeti liko juu ya uzio, linatoa vumbi la miaka yote ya ndoa yetu.

Nimemuuliza kulikoni. Anataka kupuliza rangi ya mpira ndani — sakafu, ubavu, hadi mlango wa nyuma. Ni rangi nzito. Ikikauka inakuwa kama ngozi juu ya bati, maji hayapiti, kutu haiingii. Ameiona kwenye simu. Watu wanatoka kuendesha matopeni, halafu wanaosha gari kwa ndani kama sufuria.

Nikamuuliza matope tutayapata wapi, Singida hii, mwezi wa tisa. Akasema ni kwa ajili ya kuku. Kuku wanachafua.

Miaka yote anabeba kuku kutoka mnadani Mtinko, matenga kwa matenga, leo ndiyo amegundua kwamba wanachafua!

Mimi nina jambo langu. Madaktari bingwa wa akina mama wanakuja hospitali ya mkoa, Jumatatu tarehe kumi na sita mpaka Ijumaa yake. Mama yangu kule Kinampanda anaumwa tumbo la chini tangu masika, na nesi wa zahanati alishasema yale si ya kutibiwa pale. Akichelewa, itakuwa mbaya. Lakini Mama hataki kupanda gari. Ukimtajia gari anageuka anatafuta ufagio. Na sasa gari lenyewe halina viti. Hongera kwetu.

Alhamisi, 5 Septemba

Uani kwangu kumekuwa maabara. Vipande vitatu vya bati, kila kimoja na rangi yake. Cha kwanza ni rangi iliyotoka Dar kwa basi: makopo mawili, unachanganya, kisha unakimbizana nayo kabla haijaganda. Imekuja nyeusi na kijivu, akapaka nusu kwa nusu. Cha pili ni dawa ya fundi Damiani wa Utemini, lami na vitu vingine ambavyo hataki kuvitaja. Cha tatu ni rangi laini ya kuchanganya na maji, haina harufu hata kidogo, na ukiikwaruza kwa ukucha inabanduka.

Baba Cecilia anavimwagia maji. Anasubiri. Anafuta. Ananusa. Mchana, jua likiwa utosini, akavaa kaptura akavikalia, kimoja baada ya kingine. Mume wangu! Amekalia bati, juani, jirani anamwona. Kwenye lami aliinuka na bati lake. Kwenye nyeusi aliinuka kabla hajakaa vizuri. Kwenye kijivu alitulia, akawa anatazama mbali kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Halafu akachukua kipande cha kitenge changu cha zamani akaanza kusugulia kwenye ile rangi, aone kama kinanasa. Nikamuuliza kama kuku wa siku hizi wanavaa vitenge. Hakucheka. Amesema tu kwamba nyeusi inaunguza, kijivu ni afadhali, na isiwe na chengachenga.

Nimempigia Cecilia, Dodoma, nimshtakie baba yake. Binti yangu anasema wanaume wakifika umri ule kila mmoja anatafuta kitu cha kumtoa nyumbani, nishukuru wa kwangu amepata gari.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda naye gereji kwa Damiani. Nimekwenda kama askari, sikwenda kama mke: nataka tarehe ya gari kurudi.

Wamechagua ya makopo mawili, kijivu. Damiani anataka kuitia chembe za mpira, ili mzigo usiteleze. Anasema rangi hiyo bila chembe ni kazi nusu. Baba Cecilia hataki. Anataka laini, ya kupitisha kitambaa mara moja ikawa safi. Damiani anasema kuku ana kucha, atajishikilia. Mwenzake anasema hapana. Wakavutana hivyo mpaka chai yangu ikapoa.

Kisha Baba Cecilia akauliza kwa sauti ya chini kama rangi hiyo inaweza kuliwa na mkojo.

Damiani akamtazama. Akasema, "Mzee, kuku hakojoi."

Nilicheka mpaka nikashika bodi ya gari. Mtu amesomesha mtoto chuo kikuu kwa kuku, na hajui kuku hakojoi! Akababaika, akasema atabeba na mbuzi. Mbuzi gani? Hajawahi kubeba hata kwato. Kisha akamshika Damiani mkono, wakaenda nyuma ya gari, wakanong'ona. Waliporudi Damiani habishi tena. Laini, sawa. Kijivu, sawa. Na matundu ya kutolea maji sakafuni yazibuliwe yote, sawa. Hata mimi ameanza kuniangalia kwa adabu.

Kuhusu tarehe: inapulizwa Jumatatu, halafu inaachwa ikauke mpaka harufu iishe. Nikasema tarehe kumi na sita madaktari wanafika. Baba Cecilia akasema anajua. Anajua! Basi kama anajua, mama yangu atapelekwa na nini, na tenga?

Jumapili, 8 Septemba

Nimepanda basi kwenda Kinampanda mwenyewe, kumshawishi Mama. Nimerudi na kuku mmoja na hasira.

Hataki. Si basi, si teksi, si gari la paroko. Anasema gari linamtia kizunguzungu. Nikamkumbusha kwamba siku ya msiba kule Mkalama tulikwenda naye na gari letu, safari nzima akiimba. Akageuka kutafuta ufagio. Wifi yangu Yunisi, anayeishi naye, akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa.

Nikasema basi hata gari letu halipo, mkweo amelifanya banda la kuku, kuku anawapenda kuliko watu. Nilitaka Mama acheke. Akaniambia, "Mwache mkwe wangu. Yule ni mtu."

Sasa anamtetea yeye! Mimi niliyekula vumbi la basi nikaambulia kikombe cha uji.

Anatembea ameinama kidogo. Kabla ya Pasaka hakuwa hivyo.

Jumatano, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nilipeleka chakula gereji, Baba Cecilia alikuwa amekwenda Mtinko kwa basi kufuata kuku wake. Gari limekwisha pulizwa. Ni zuri, lazima niseme. Kijivu tupu, limetulia, kona zote zimejaa. Lakini madirisha ya nyuma yamewekwa waya wa pazia. Na pembeni kuna godoro jipya, jembamba, limeshonewa mpira kama yale ya hospitali.

Nikacheka. Nikamwambia Damiani kwamba kuku wa mume wangu sasa watasafiri wamelala, na pazia. Damiani hakucheka. Akafuta mikono kwa tambara, polepole.

Akasema, "Mama Cecilia, kuku ni maneno tu. Mzee aliniambia kuna mama mtu mzima hawezi kujizuia, na inabidi apande gari bila kuona aibu. Nilijua unafahamu."

Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru. Sikumbuki kama nilimpa chakula au nilirudi nacho.

Nikampigia Yunisi. Akaanza kulia. Anasema ilianza baada ya masika kuanza. Mama anafua shuka zake alfajiri kabla mtu hajaamka. Na siku ile ya Mkalama, wakati wa kurudi, ilimtokea kwenye kiti chetu. Tuliposhuka wote tukaingia ndani kunywa chai, mkwe akasema anabaki kuangalia tairi. Mama alimwona kupitia dirishani, akiosha kiti. Hajapanda gari tangu siku hiyo. Na Yunisi akaniambia zaidi: mwezi uliopita Baba Cecilia alimpigia simu akamuuliza jambo moja tu, kama mama akikaa juu ya mpira mgumu anaumia.

Kwa hiyo Yunisi anajua, Damiani anajua, kuku wanajua. Mtoto aliyetoka kwenye tumbo hilo hilo linalouma ndiye hajui. Yuko dukani anapima mafuta na kuchekesha wateja kwa habari za mume aliyekalia bati.

Nimeona aibu. Sijui aibu hii niiweke wapi, ni kubwa.

Alipofika jioni nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anavua viatu. Hakuinua uso.

"Yule ni mkwe wangu," akasema. "Mimi hata usoni simtazami. Nikikwambia wewe, nimemvua nguo mbele ya mwanawe."

Nikasema lakini mimi ni mkeo. Akasema ndiyo, na mama ni mama. Kisha akauliza kama kuna maji ya kuoga. Tukaishia hapo. Nilitamani kumkumbatia, lakini ananuka kuku kweli kweli.

Ijumaa, 13 Septemba

Gari limerudi. Liko uani milango yote wazi, linapunga upepo. Harufu bado ipo, ya kukaa kooni. Upepo wa Singida unaoniletea vumbi kwenye mafuta siku zote, leo ndiyo umeamua kupumzika.

Nimeshona mapazia. Ya waridi, ndicho kitambaa nilichokuwa nacho. Baba Cecilia ameyaangalia, akayatundika.

Cecilia kapiga simu, anacheka, anauliza kuku wa daraja la kwanza wanaendeleaje. Nikasema vizuri.

Jumatatu, 16 Septemba

Madaktari wamefika. Wateja wanasema foleni ilianza alfajiri.

Hatukwenda. Baba Cecilia aliingiza kichwa garini, akavuta pumzi, akasema mtu mwenye tumbo bovu atatapika humu. Kesho. Wiki iliyopita ningemtolea maneno mpaka mtaa wa pili usikie. Leo nimechukua beseni la maji ya malimau nikaenda kupangusa ubavuni.

Nimefikiri mchana kutwa nitamwambia nini Mama. Kila ninachokipata kinaanza na "najua". Na hilo ndilo neno lisilotakiwa.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika nikiwa Kinampanda, nimekaa kwenye kigoda nje kwa Mama, daftari magotini. Sina la kufanya na mikono.

Tulifika asubuhi. Baba Cecilia alisimamisha gari mbali kidogo na mlango, akashuka, akasalimia shikamoo akiwa ameelekea zizini, kama inavyopasa. Mama akaitikia marahaba akiwa ameelekea jikoni. Wawili hawa wanapendana kwa visogo.

Nikaanza. Nikasema madaktari wapo mpaka Ijumaa, ni wanawake wenzake, wanatazama kwa siri. Mama akasema vizuri. Nikasema basi twende. Akasema leo siwezi. Kesho? Kesho kuna jumuiya. Keshokutwa? Akachukua ufagio. Yunisi alinitazama, mimi nikamtazama Yunisi, na neno "najua" lilikuwa mdomoni kabisa.

Ndipo Baba Cecilia akaomba ndoo ya maji. Yunisi akamletea iliyojaa. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa godoro akaliweka juu ya boneti, akaimwaga ndoo yote ndani ya gari. Yote! Maji yakazunguka sakafuni, yakapata matundu, yakashuka chini ya gari na kunywewa na mchanga. Akapitisha kitambaa mara moja. Pakavu. Akarudisha godoro, akavuta mapazia, akayafunga, akayafungua. Jirani alisimama na jembe lake, haelewi.

Kisha akasema kwa sauti, akiliambia zizi:

"Mama Cecilia, mwambie mama, gari hili ni la kuku. Likilowa linamwagiwa maji, basi. Mimi niko mbele na usukani, wewe na Yunisi mko naye nyuma, pazia limefungwa. Huwa sigeuki nyuma nikiendesha."

Sikumwambia Mama kitu. Alikuwa amesikia, wote tulisikia. Alisimama na ufagio wake akiangalia pale maji yalipozama. Uso wake sikuweza kuusoma, na mimi ndiye mwanawe. Akauegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu hapo ni kimya. Baba Cecilia amefungua boneti, anapima oili aliyoipima kabla hatujatoka, akaipima tena njiani, Misigiri. Jua linapanda. Nimekwenda mlangoni nikaita, "Mama?" Hakujibu. Sijui kama analia, sijui kama amelala. Nikisukuma mlango nimeharibu, nisiposukuma foleni inazidi kule. Nimerudi kwenye kigoda.

Sasa nasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Anaoga, au anafua.

Yunisi ametoka kwa haraka, amenipita bila kuniangalia, anakwenda kwa jirani kuomba mkaa. Nimemuuliza wa nini. Anasema wa pasi, kuna gauni la kutokea la Mama.