Ubani Katika Mashine ya Damu

Kwako shemeji yangu wa zamani,

Sikuandikii kukujulia hali. Nasikia hali yako ni nzuri, kitambi kimekukaa na watu wa huko bara wanakuita mzee. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo tuliyoyaona sote wawili, na wewe umechagua kuyasahau.

Unakumbuka mashine ilipoletwa kwenye maabara yetu ya hospitali pale Changamwe? Kabla yake tulikuwa tukihesabu chembe za damu kwa macho, jicho kwenye hadubini mpaka shingo inakakamaa. Mashine iliimaliza kazi hiyo mara moja. Damu kidogo ilichanganywa na maji mengi ya chumvi, ikavutwa kupita kwenye kitundu cha kioo chembamba kuliko unywele, na kila chembe iliyopita ilishtua umeme ikahesabiwa. Mzungu aliyetufundisha hakuchoka kutuambia kwamba mashine ile haina akili, hata vumbi likipita italihesabu kuwa ni damu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, tulipitisha maji matupu. Yakisoma karibu na sifuri, tunaendelea. Yakisoma juu, tunasugua kitundu kwa brashi laini, tunachuja maji upya, tunakagua mipira na nyaya, na hatuondoki hapo mpaka yasome chini.

Mimi nilipenda kuosha, wewe ulipenda kupangusa. Nje ya mashine ile mtu angeweza kujitazama akanyoa ndevu, na huku ndani kitundu kimeziba kwa damu ya juzi. Ikigoma ulikuwa ukiipiga kofi la ubavuni, kisha unakuja kwangu na sauti ya upole: "Shemeji, hebu itazame hii, leo ina kiburi." Nami nilikuwa nikicheka. Ulikuwa umeshamuoa dada yangu Riziki, na tukitoka kazini tulivuka feri pamoja kurudi Likoni, wewe na kifurushi cha halua yake mkononi. Nilikupenda, siwezi kukataa. Nilidhani uvivu wako ni wa mikono tu.

Kisha uhuru ukakaribia, Mzungu wetu akaanza kufunga mizigo, na maabara ikawa ikabidhiwe kwako. Sikuona wivu, ulikuwa umenitangulia kazini. Wageni wakubwa walikuwa waje kushuhudia, nawe ukaona chumba kinanuka dawa. Asubuhi ya makabidhiano ukaleta chetezo kutoka nyumbani. Ukafukiza udi na ubani madirisha yamefungwa, chupa za maji ya chumvi zi wazi, na mashine ukaizungushia moshi kama bibi harusi. Nilipokwambia ufunike chupa, ukanijibu, "Sisi ni watu wa pwani, bwana. Mgeni hapokewi kwa harufu ya dawa." Ulilisema kwa maringo, kama kwamba wewe ndiye uliyetuletea ubani pwani nzima.

Asubuhi hiyo hiyo Riziki akaletwa hospitali, tumbo linamkata. Daktari alimpapasa, hakuwa na hakika. Akasema kama chembe nyeupe zimezidi, basi ni kidole tumbo na atampasua. Kama hazikuzidi, atamlaza na kungoja. Damu ikaja kwetu. Ukaipitisha bila kupitisha maji matupu kwanza, kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia. Hesabu ikatoka juu mno, ukaiandika, ukaipeleka.

Mimi nikapitisha maji matupu. Hayakuwa na tone la damu, na mashine ikayahesabu kama damu ya mgonjwa mahututi. Ilikuwa ikihesabu masizi ya ubani wako. Nikaichukua damu ya Riziki nikaihesabu kwa hadubini, nikarudia. Chembe zilikuwa za kawaida kabisa. Nikakuvuta pembeni.

"Athumani, mashine imeingia moshi. Huyu ni mkeo."

"Wataka niumbuke leo, mbele ya watu? Wazungu wangoja neno hilo hilo, waseme Mwafrika hajui kuitunza."

"Sema imeziba, tuioshe, basi."

"Niwache, bwana. Haijaziba."

Nikakimbilia kwa daktari na hesabu yangu. Nilimkuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mikono keshaiosha. Akatuma uitwe. Akakuuliza wewe, mkuu mpya wa maabara, hesabu ya kweli ni ipi. Uliitengeneza tai yako kwanza. Kisha ukasema, "Mashine haikosei, daktari. Shemeji yangu ana wasiwasi wa ndugu."

Wasiwasi wa ndugu! Na mume alikuwa na nini?

Walimpasua, wakakikuta kidole tumbo kizima, hakina lolote. Wewe ukapewa funguo, ukapigwa picha. Wageni walipoondoka ulijifungia maabara ukaosha mashine peke yako, ukamwaga maji yote ya chumvi. Nilikuona dirishani. Kwa hiyo ulijua.

Kidonda cha Riziki kikaingia usaha, kikafunguliwa tena, na usaha ukamharibu kizazi. Ukangoja kidogo, kwa adabu, halafu ukampa talaka. Wazee ukawaambia sababu ni kwamba hazai.

Sikuchukii, Athumani. Nakudharau. Ulidai unatetea heshima ya Mwafrika, na Mwafrika mwenyewe alikuwa amelala kitandani akikusubiri useme neno. Mashine kuziba haikuwa aibu. Ilikuwa ikiziba hata mikononi mwa yule aliyetufundisha, naye akiiosha huku anapiga mluzi. Wageni wale wasingekumbuka hata jina lako wakifika lango la hospitali. Uliwaogopa watu waliokuwa wanaondoka.

Sasa mwezi huu umetuma mtu mpaka nyumbani kwa Riziki, huku mtaa wa Bofu. Wajitayarisha kwenda Hija na wataka radhi za watu. Riziki alimkaribisha mjumbe wako, akamwekea chai na mahamri, akamuuliza, "Radhi ya jambo gani, mwanangu?"

"Wallahi hakunambia, bibi. Amesema, kama kuna lolote."

Nilikuwa nimekaa hapo, nikatamani kumfukuza yeye na salamu zako. Riziki akanizuia kwa mkono. Akamwambia, "Mwambie namngoja. Aje akae hapa, alitaje mwenyewe. Akilitaja tu, nimemsamehe duniani na akhera."

Salamu zake ndizo hizo, nimezifikisha. Tangu siku hiyo hatoki nyumbani bila kuwaambia majirani alikokwenda, usije ukamkosa. Anaamini utakuja. Nimemwambia huji, na kwamba mtu aliyeshindwa kusema neno moja mkewe akiwa chini ya kisu hawezi kulisema leo.

Mara moja tu katika umri wako, njoo unisute.

Ni mimi, kaka yake Riziki.